Baada ya Misa, Kabla ya Karamu: Arusi za Singida

Ndugu msomaji, ukiletewa kadi ya arusi ya Singida, nawe wakaa mbali, usikatae upesi. Nenda. Arusi nyingi za mkoa huo hufungwa kati ya Juni na Oktoba. Mvua zimekwisha, uwele na mtama vimeingia ghalani, alizeti imeuzwa, na watu wana nafasi na fedha kidogo. Desemba mvua zikianza, kila mtu yuko shambani, tena Majilio yamekwisha kuingia. Na Kwaresima nayo huachwa ipite. Ndiyo maana mwezi wa Agosti au Septemba waweza kukuta parokia moja ina arusi tatu nne kwa Jumamosi moja, na Padre hana hata nafasi ya kumeza chai.

Ukitoka Dar es Salaam, tangu mwaka 2024 treni ya umeme yakufikisha Dodoma. Toka hapo ni basi, kilomita kama 240. Utapita Bahi, njia itapanda ukingo wa Bonde la Ufa, utaingia Manyoni penye Reli ya Kati ya zamani, kisha utageuka kaskazini kupitia Ikungi mpaka Singida mjini. Ukiona majabali yamekaa juu ya majabali kama mtu ameyapanga kwa mkono, jua kwamba umekaribia. Mji wenyewe una maziwa mawili, Singida na Kindai, nayo yapendeza sana kutazamwa jua linapotua. Lakini yatazame kwa macho tu. Maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Kumbuka neno hili la maji, maana tutalirudia.

Leo sitaki kukusimulia Misa ya arusi, wala karamu. Hayo wayajua. Nataka tuzungumze juu ya saa zile za katikati, tangu watu watoke kanisani mpaka waitwe mezani. Nani amekaa wapi? Nani amekunywa nini? Hakuna anayeziandika saa hizo katika ratiba ya arusi, na kumbe ndizo saa ambazo ndugu hupatana au hugombana.

Hebu tuhesabu. Misa yaanza saa nne asubuhi. Yakwisha saa sita mchana, labda na robo, maana arusi ni mbili na Padre amehubiri vizuri. Kisha vitabu hutiwa sahihi: bwana, bibi, na mashahidi wawili wanaotakiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kisha picha mlangoni mwa kanisa: ukoo wa bibi, ukoo wa bwana, wafanyakazi wenzake, kwaya, na yule mjomba ambaye hakuwamo katika picha ya kwanza naye ataka irudiwe. Saa saba imepiga. Kadi yako yasema karamu ni saa kumi na mbili jioni, ukumbini. Nawe mwenyeji wajua kwamba saa kumi na mbili ya kadi ni saa mbili ya usiku. Basi kati ya kanisa na sahani ya kwanza zimebaki saa saba. Saa saba, ndugu msomaji! Mtu aweza kwenda kwa basi toka Singida mpaka Dodoma katika saa hizo, akala, akalala kidogo.

Bwana na bibi arusi wamepanda motokaa iliyofungwa maua, matarumbeta yapigwa mbele, wamekwenda kando ya ziwa kupigwa picha, au kwenye majabali. Wanakamati wako ukumbini wanafunga vitambaa kwenye viti na kugombana na mtu wa muziki. Wageni wa Dar es Salaam na Arusha wamerudi nyumba ya wageni kuoga na kulala. Waliobaki uwanjani pa kanisa ni wale waliotoka Mtinko, Ilongero, Sepuka na vijiji vya ndani zaidi. Hao waliamka jogoo wa kwanza. Wengine walikuja kwa gari dogo lililojaa kupita kiasi, wengine kwa pikipiki watu watatu, mtindo ule vijana wauita mshikaki, wengine kwa miguu mpaka barabarani. Hawana chumba mjini. Hawana mahali pa kurudi mpaka usiku. Hao ndio ninaotaka kukuonyesha, kwa sababu ndio waliomlea bwana arusi.

Zamani pengo hili halikuwako, na sababu yake ni ya kanisani kabisa. Kabla ya mwaka 1953 Mkristo aliyetaka kupokea Komunyo Takatifu alifunga tangu saa sita usiku. Hakula kitu, hakunywa hata maji. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 haikuruhusu Misa kuanza baada ya saa saba mchana. Arusi basi ilifungwa asubuhi. Maarusi walitoka kanisani wamefunga, mashahidi wamefunga, wazazi wamefunga, na wageni wengi pia. Nani angethubutu kuwaambia watu hao wangoje mpaka usiku? Moto ulikuwa umewashwa tangu alfajiri, na walipofika nyumbani walinawa na kula. Karamu ilianza mchana na ngoma ikaendelea mpaka nguvu ziishe.

Papa Pius XII mwaka 1953 alisema maji hayavunji tena mfungo huo, akawapa maaskofu ruhusa ya Misa za jioni. Mwaka 1957 akaufanya mfungo wa chakula kuwa wa saa tatu. Papa Paulo VI, mwezi wa Novemba 1964, akaupunguza uwe saa moja tu. Kanisa lilifanya hayo kwa kuwahurumia wagonjwa, wafanyakazi na wanaokaa mbali na kanisa. Lakini sisi tulijifunza polepole kwamba si lazima tena watu wale mara moja. Halafu ukaja umeme, zikaja kumbi za kukodi, muziki wa kukodi, taa za rangi, na karamu ikahama toka mchana ikaenda usiku. Misa ikabaki asubuhi. Ndivyo pengo lilivyozaliwa, wala hakuna aliyelikusudia.

Si sisi peke yetu tuliobadilika hivyo. Uingereza mpaka mwaka 1886 sheria ilitaka ndoa ifungwe kabla ya adhuhuri, na hata leo Waingereza huiita karamu ya arusi kwa jina la kifungua kinywa, ingawa wanaila alasiri. Jina limebaki, njaa ya asubuhi imesahauliwa. Na kama wataka kuona watu waliolishinda jambo hili, watazame Waislamu wenzetu wa Pwani. Ndoa ikifungwa tu, sinia za halua huzunguka na kahawa nyuma yake. Ni donge dogo la halua na kikombe cha kuingia kiganjani, basi. Lakini kila mtu ameonja, kila mtu amejua kwamba ameonekana.

Sasa twende kijijini, maana huko Singida bado wajua kazi hii, na mimi nakiri napenda arusi za huko kuliko za ukumbini.

Mkitoka kanisa la kigango, hakuna motokaa. Bibi arusi huinua gauni lake lisikokote vumbi, wanawake hupiga vigelegele, kwaya hushika wimbo, na watu wote huandamana kwa miguu katikati ya mashamba yaliyovunwa. Mabua ya alizeti yamesimama meusi. Ng'ombe wameachiwa mashambani wanakula mabaki ya mtama, na mchungaji mdogo aacha fimbo aje kutazama. Upepo wa Singida nao huja na wenu. Upepo huo si wa mchezo; kiangazi kizima huvuma, huinua mchanga, hung'oa kofia za watu wazima. Nimeona turubai la arusi likipaa kama mwewe na watu sita wakilikimbilia. Wenyeji wenye akili hufunga kamba za turubai kwenye mawe makubwa, na mawe Singida hayanunuliwi.

Nyumbani mnakuta banda la miti limeezekwa majani, na pembeni tembe ya zamani kama ukoo bado unayo. Wewe uliyezaliwa katika nyumba za bati labda waidharau tembe. Usiidharau. Kuta zake ni nene, paa lake ni la magogo na matawi yaliyofunikwa udongo, bapa kama meza, hata watu huanika mboga juu yake. Saa nane ya mchana, bati linapounguza kichwa na turubai linapopigapiga, ndani ya tembe ni baridi kama chini ya mti mkubwa. Huko ndiko huingizwa bibi wazee na wanawake wenye watoto wachanga. Hulala juu ya ngozi au mkeka, mtoto hunyonya, miguu hunyoshwa. Hiyo ndiyo karamu yao ya kwanza, nayo haijagharimu shilingi hata moja.

Kisha maji. Mtoto wa kike apita na jagi na beseni, mwingine nyuma yake na taulo. Watu wananawa vumbi la njia. Kisha kikombe cha togwa ya mtama au uji wa uwele, au maziwa mgando kwa wazee. Nyama bado iko motoni, wali bado haujatiwa maji, lakini hakuna anayeuliza habari za chakula, kwa sababu tumbo limepewa ahadi. Wazee hukaa upande wao kuzungumza habari za mahari: ng'ombe wangapi wamekuja, wangapi wamebaki kama deni, na yule dume mwekundu ambaye kila mtu alimtazama sana siku ile. Mazungumzo hayo ni ya lazima. Koo mbili zilizokutana leo hazikujuana jana. Na kama hazikukaa chini ya mti mmoja na kikombe mkononi, zitajuana lini? Usiku muziki hauruhusu mtu kumsikia jirani yake. Urafiki wa wakwe hufanywa mchana huo, katika saa zile ambazo mjini tumeziacha tupu.

Nikuambie niliyoyaona mjini. Sitataja mwaka wala familia, maana ni watu wema nao wana haya. Arusi ilikuwa kubwa, michango ilikuwa mingi, ukumbi ulipambwa kwa kitambaa cheupe na cha dhahabu. Kijana alikuwa na shangazi yake aliyemlea miaka minne baada ya mama kufariki. Shangazi alikuja toka kijijini na kuku wawili waliofungwa miguu, ndani ya kikapu. Kuku wa Singida wajulikana nchi nzima, wanapakiwa matenga kwa matenga kupelekwa Dar es Salaam; lakini hawa wawili hawakuwa wa biashara, aliwalea kwa ajili ya siku hii. Baada ya Misa kila mtu alipanda gari akaondoka. Alidhani gari lingine litakuja. Akakaa kwenye ngazi ya kanisa. Kivuli kikahama, naye akahama nacho. Saa tisa akaomba maji nyumba ya jirani, akapewa, tena akawapa kuku nao wakanywa. Saa kumi na mbili kijana mmoja wa kwaya, si ndugu, alimwona akampeleka ukumbini kwa pikipiki. Mlangoni akaulizwa kadi. Hakuwa na kadi, kwa sababu kadi zilitolewa kwa waliochanga fedha, naye hakuchanga fedha, alichanga miaka minne.

Aliingizwa mwishoni, ndiyo. Mtu alimtambua. Alipewa kiti na soda na sahani iliyojaa. Lakini alikula kidogo sana, akasema amechoka. Asubuhi ya pili alirudi kwake kabla bwana arusi hajaamka, na kuku akawaachia wenye nyumba aliyolala. Tangu hapo, nasikia, ukimwuliza habari za mtoto huyo husema tu, "Yuko mjini, hajambo." Msomaji, wewe wajua uzito wa neno hilo likitoka kinywani mwa shangazi.

Wala usimlaumu bwana arusi peke yake. Siku hiyo yeye ni kama mtoto, huvutwa mkono huku na huku. Kamati nayo ilifanya kazi usiku na mchana. Kulikuwa na mtu wa keki, mtu wa maua, mtu wa magari, mtu wa vinywaji, mtu wa ulinzi, mshereheshaji na mpiga picha. Hapakuwa na mtu wa wageni. Hilo tu.

Twasoma katika Injili ya Yohane arusi ya Kana, na mapadre wengi huihubiri siku ya ndoa kwa sababu ya divai. Mimi hupenda kutazama mitungi. Ilikuwa sita, ya mawe, na wataalamu wakadiria kila mmoja uliingia lita 80 mpaka 120. Piga hesabu: yote pamoja ni zaidi ya mapipa mawili ya mafuta. Na ile mitungi iliwekwa kwa ajili ya kunawa, kama desturi yao ilivyotaka. Yaani nyumba ile ya kijijini, ambayo divai iliwapungukia, ilikuwa na mahali pa kuwanawisha wageni wote. Na aliyetambua kwanza kwamba kitu kimepungua hakuwa mkuu wa meza. Alikuwa mgeni mwanamke, mama mtu mzima, aliyekuwa akiwatazama watu.

Basi ukiwa na arusi mwaka huu, chagua mtu huyo mapema. Mwite mwenye wageni. Asiwe kijana wa mwendo wa kasi. Yafaa awe mama au mzee anayezijua koo zote mbili kwa sura, ajuaye kwamba yule aliyefunga kilemba cha kijani ni mama mkubwa wa bibi arusi, na yule mwenye bakora ndiye aliyesimamia mahari. Asipewe kazi nyingine hata moja. Akina mama wa WAWATA, ambao chama chao kilianza mwaka 1972, wana watu wa namna hii katika kila parokia. Na Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zafaa sana, maana mara nyingi nyumba ya mwanajumuiya iko karibu na kanisa kuliko ukumbi. Mwombe mwanajumuiya huyo uwanja wake na mti wake kwa mchana mmoja. Hatakataa.

Habari ya gharama isikutishe. Kwa wageni mia moja, kikombe kimoja kimoja cha uji, yakutosha kilo nne au tano za unga wa uwele au ulezi na kilo mbili za sukari. Ukitaka uwe mtamu, twanga karanga za kwenu uzitie. Gharama hiyo haifiki bei ya maua ya motokaa. Kwa watoto wadogo chemsha viazi vitamu au mihogo. Mtoto aliyeshiba hulala, na mama yake akaweza kuzungumza na watu.

Neno la maji nilisema tutalirudia. Kiangazi cha Singida maji ni kazi, na mahali pengine wanawake huyatafuta mbali. Usingoje siku yenyewe. Watu mia wakinywa nusu lita nusu lita tu, umekwisha maliza ndoo mbili na nusu za lita ishirini. Ongeza nne au tano za kunawa. Yachoteni Ijumaa, ya kunywa yachemsheni jioni yapoe usiku, yafunikwe. Maarusi wetu wanapigwa picha nzuri kando ya ziwa lenye maji mpaka upeo wa macho, na ndugu zao wako kanisani na koo kavu. Picha hiyo haipendezi hata ikiwekwa katika fremu.

Na habari za picha, sisemi ziachwe. Bibi arusi avaa gauni lile mara moja, na wajukuu watataka kumwona. Lakini maarusi wapite kwanza kwa wageni. Wasimame chini ya mti ule, wawaamkie wazee kwa mikono miwili, shikamoo babu, shikamoo shangazi, waonje uji kikombe kimoja mbele ya watu, ndipo waende zao ziwani. Ni robo saa, na ikizidi sana nusu. Mpiga picha atanung'unika kwamba jua linaharibika. Mwache anung'unike, saa kumi na moja jua la Singida ni zuri zaidi, ataliona mwenyewe.

Choo nakitaja kwa ufupi kwa kuwa ni aibu kukitaja kwa urefu: mwenye wageni awaonyeshe watu kiko wapi kabla hawajauliza, hasa bibi wazee, ambao hawatauliza kamwe. Mizigo nayo iwekwe chumba kimoja chenye mtu mlangoni. Kuku walioletwa wapokewe kwa mikono miwili, kwa jina la aliyewaleta, na jina hilo liandikwe katika daftari lile lile la michango. Debe la mtama ni mchango. Chupa ya mafuta ya alizeti ni mchango. Na aliye katika daftari apewe kadi pale pale chini ya mti, ili jioni mlangoni asisimamishwe na kijana wa ulinzi ambaye hajui koo wala kabila.

Kama kuna nafasi ya kusogeza saa zenyewe, sogeza. Parokia nyingine hukubali ndoa ifungwe saa nane au tisa mchana ukiomba mapema, siyo wiki moja kabla. Au karamu iwe saa tisa na kuisha saa tatu ya usiku. Najua mtasema karamu ya mchana haina utamu, taa hazionekani. Lakini Juni na Julai usiku wa Singida una baridi ya kuuma, na mzee aliyekuja na shati moja hukaa ukumbini akitetemeka huku feni inazunguka juu yake kwa ajili ya mapambo. Mkiwa na karamu ya usiku, basi mwenye wageni aulize mapema nani atalala wapi, na blanketi ziwe zimekwisha kuazimwa.

Nawe uliyealikwa, usikae tu kama gunia. Arusi ya watu si hoteli. Ukifika, vua koti la safari, uliza vitunguu viko wapi. Singida hulima vitunguu vingi, na siku ya arusi humenywa beseni kwa beseni. Atakayeshika kisu atajua habari zote za ukoo kabla ya machozi kukauka. Wanaume nao kuna kuni, kuna mbuzi wa kuchunwa, kuna turubai la kushikwa upepo ukizidi. Usiulize chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Usianze pombe saa saba mchana kwa kuwa umekosa la kufanya. Wengi wamekosa karamu hivyo, wakaletwa nyumbani kwa toroli wakati wenzao wanasimama kumpokea bibi arusi. Na kama umekuja na motokaa yako yenye viti vitatu vitupu, tazama uwanjani pa kanisa kabla ya kuwasha.

Saa kumi na mbili yakaribia. Mwenye wageni asimame sasa, awapange watu katika magari, wazee kwanza, wenye watoto wachanga pamoja nao, naye awe wa mwisho kupanda baada ya kuzunguka uwanja na kuchungulia nyuma ya kanisa. Ukumbini ataingia wakati wimbo wa kwanza umekwisha kupigwa na viti vyote vimejaa. Miguu yake imevimba. Tangu asubuhi amekunywa uji nusu kikombe, akisimama. Mwekeeni sahani yake, nzuri, yenye nyama, tena mfunike isipoe.